Mashine ya dole inakumbuka: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kazi na ajira

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa Kamishna wa Kazi,
Kwa wajumbe wa Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni afisa rasilimali watu. Nina miaka 16 katika kazi hii, yote nimeitumikia viwandani hapa Dar es Salaam, kuanzia Chang'ombe hadi pembezoni mwa Barabara ya Nyerere. Naandika kuhusu karatasi moja ambayo nimeichapa mara nyingi kuliko karatasi nyingine yoyote maishani mwangu: mkataba wa miezi mitatu.

Wengi wenu mnaujua kwa jina, lakini labda hamjawahi kuuona ukisainiwa. Una kurasa mbili, kwa Kiingereza. Una jina, namba ya NIDA, idara, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Chini kuna mahali pa sahihi, na asiyejua kuandika anaweka dole la wino. Mwezi wa tatu ukiisha, mtu anaambiwa akapumzike. Wenyewe wanaita "kupumzishwa". Anakaa nyumbani wiki moja, pengine siku nne tu, kisha anarudi getini alfajiri, anaitwa, anachapiwa mkataba mwingine wa miezi mitatu. Anarudi kwenye mashine ileile, chini ya supavaiza yuleyule. Hata kabati lake la nguo linakuwa halijaguswa: kufuli ni lake, na kandambili zake zimo ndani zinamngoja. Kwenye faili langu, huyo ni mfanyakazi mpya.

Kiwanda ninachokizungumzia kwa leo nilishaondoka, na sitakitaja. Kilikuwa kinatengeneza sabuni. Idara ya pakingi ilikuwa na watu zaidi ya mia, wengi wao wanawake, na karibu wote walikuwa wa miezi mitatu mitatu. Kati yao alikuwepo dada mmoja aliyekuwa kwenye mkataba wake wa tisa. Alikuja ofisini kwangu siku moja wakati wa kubadilishana shifti, amevaa kanga juu ya sare, akaniwekea kadi ya kliniki mezani. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Sheria inamtaka mfanyakazi atoe taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na yeye, bila kuwahi kuisoma hiyo sheria, alikuwa ameitimiza. Alifikiri anafanya jambo la uungwana kwa kunieleza mapema, ili nijue nani wa kumpanga nafasi yake.

Nilipeleka taarifa kwa meneja. Akafungua orodha, akaangalia tarehe, akasema maneno mawili: "Uache uishe."

Nikauacha uishe. Barua ya kumweleza kwamba mkataba wake umefikia ukomo niliiandika mimi na kuisaini mimi. Nilipompa aliniuliza, "Dada, nikishajifungua nirudi lini?" Nilimwambia aje tuone. Wiki kadhaa baadaye wenzake waliniambia getini kwamba amejifungua kabla ya wakati, na mtoto yuko hospitali, wanambeba kifuani usiku na mchana ili apate joto. Mtoto alipona. Mimi sikwenda kumwona. Sikuwa na uso wa kumtazama. Nasema haya kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa nimejifungua mimi mwenyewe, katika kiwanda hichohicho, kwa ajira ya kudumu. Nilikaa nyumbani siku 84 kwa mshahara kamili, na niliporudi nikawa naondoka saa mbili mapema kwenda kunyonyesha, kama sheria inavyosema. Tulikuwa tunapita geti moja, mimi na yule dada.

Sasa niseme kuhusu sheria, kwa sababu nisingependa mtu adhani kisa hiki kilitokea kwa kuwa sheria ilikuwa kimya. Natumia namba za vifungu tulizozizoea kabla ya sheria kuchapwa upya katika Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inasema sababu inayohusiana na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 36 kinasema kwamba kukataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, nako ni kumwachisha kazi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataja hata namna ya kuyapima matarajio hayo: kama mkataba uliwahi kuhuishwa huko nyuma, hiyo ni hoja yake. Yule dada alikuwa amehuishiwa mara nane.

Halafu kuna kifungu cha 35, ambacho waajiri wengi wanakipenda. Kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Ndiyo maana ya ile miezi mitatu mitatu: watu wanaamini kwamba ukimkatisha mtu kabla ya sita, saa yake inaanza upya. Lakini kifungu hakikuishia hapo. Kinaongeza kwamba miezi hiyo sita inahesabiwa iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Waliotunga waliuona mchezo huu kabla haujachezwa. Kwenye likizo ni vivyo hivyo: kifungu cha 29 kinasema mtu aliyefanya kazi kwa vipande vipande kwa mwajiri mmoja, jumla yake ikizidi miezi sita ndani ya mwaka, anastahili likizo yenye malipo.

Na kuhusu mkataba wenyewe. Kwa miaka mingi kifungu cha 14 kiliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi tu, na Kanuni za 2017 zikasema hata huo wa wataalamu usipungue miezi 12. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa nje ya sheria mara mbili: mtu wa pakingi hakuwa mtaalamu kwa maana ya sheria, na miezi mitatu si 12. Nilikuwa naichapa huku kanuni hizo zimekaa kwenye rafu nyuma ya kiti changu.

Yule dada angeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Alikuwa na siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa kazi. Lakini siku hizo 30 alikuwa anahangaika na kodi ya chumba na tumbo linalokua, na mkononi alikuwa na barua ya Kiingereza iliyosema mambo yamekwisha, imesainiwa na mtu aliyemwamini. Angejuaje kwamba ana kesi?

Waheshimiwa, ninalotaka kuwaeleza hasa ni kuhusu mashine ya dole.

Pale kiwandani tulifunga mashine ya mahudhurio ya alama za vidole. Kila anayeingia anapiga dole, kila anayetoka anapiga dole. Kila mtu ana namba yake ndani ya mashine. Sasa mtu anapopumzishwa wiki moja, kwa mantiki ya mafaili yetu alipaswa kufutwa na kusajiliwa upya kama mgeni. Hatukufanya hivyo kamwe. Kusajili vidole vya watu zaidi ya mia kila baada ya miezi mitatu ni kazi ya kuchosha, na fundi alikataa. Namba zikabaki zilezile. Faili langu likasema watu tisa tofauti wameajiriwa na kuondoka. Mashine ikasema mtu mmoja, namba moja, miaka miwili na zaidi, na mapengo ya siku chache chache katikati ambayo hata mtoto wa shule angeyaona.

Nimehudhuria kaguzi za maafisa kazi si chini ya sita. Walikuja watu waadilifu, walioijua sheria kuliko mimi. Kila mara waliomba mafaili ya mikataba, orodha ya malipo, michango ya NSSF, na usajili wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mafaili tuliyaandaa wiki nzima kabla ya wao kufika. Hakuna hata mara moja mbele yangu aliyeomba taarifa za mashine ya dole za miezi 24 iliyopita. Wangeziomba, mambo yote yangekuwa wazi kabla chai haijapoa.

Na sasa kumeingia jambo jipya ambalo linanitia hofu, nalo ni sababu mojawapo ya kuandika leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Naiunga mkono kwa moyo wote. Kabla yake, orodha za "waliomaliza mkataba" zilikuwa zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya masupavaiza zikiwa na namba za simu, namba za NIDA, hata maelezo ya ugonjwa wa mtu, na hakuna aliyeona kosa. Alama ya kidole ni taarifa nyeti, na ni haki kabisa mwajiri aulizwe anaichukua kwa nini na anaihifadhi wapi. Tumejisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tumekaa kwenye semina, tumeteua maafisa.

Lakini sheria hii inasema pia kwamba taarifa zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Nimeshasikia, kwa masikio yangu, kwenye kikao cha mwajiri mwingine kabisa, mtu akipendekeza rekodi za mahudhurio za zamani zifutwe kila miezi mitatu "ili tuwe sawa na sheria ya faragha". Miezi mitatu! Muda uleule wa mkataba. Sheria iliyotungwa kumlinda mfanyakazi inageuzwa kuwa kifutio cha ushahidi wake pekee. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kuisha. Rekodi ya mahudhurio nayo itunzwe muda gani? Hilo afisa rasilimali watu hapaswi kuamuliwa na meneja wake wa uzalishaji. Naomba Kamishna wa Kazi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mkae meza moja mtoe mwongozo wa pamoja: rekodi ya siku alizofanya kazi mtu itunzwe miaka hiyohiyo mitano, hata kama picha ya kidole chenyewe imefutwa. Tarehe na saa hazimwumbui mtu. Na mfanyakazi ambaye sheria imempa haki ya kuziona taarifa zake binafsi aambiwe wazi kwamba mahudhurio yake ni sehemu ya taarifa hizo, anaweza kuyaomba kwa maandishi na akapewa.

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameleta mambo mema, na napenda kuyasifia kabla ya kulalamika. Mama anayejifungua mtoto njiti sasa anahesabiwa kwanza wiki zilizobaki hadi kutimia wiki 40 za ujauzito, ndipo likizo yake ya kawaida ya uzazi inaanza. Jambo hili lilitangazwa Mei Mosi 2024, na siku ile nilimkumbuka yule dada nikashindwa kuendelea na kazi kwa muda. Ni huruma ya kweli iliyoandikwa kwenye sheria.

Ila tufanye hesabu pamoja. Mtoto akizaliwa wiki ya 30, zimebaki wiki 10, yaani siku 70. Ongeza siku 84 za likizo ya uzazi. Jumla siku 154. Mkataba wa miezi mitatu una siku 92 ukiwa mrefu kuliko yote. Likizo yenyewe ni ndefu kuliko ajira. Haki hii nzuri, kwa mamia ya wanawake wa pakingi ninaowajua, haina mahali pa kukaa. Watakaoipata ni sisi wa ofisini.

Marekebisho hayo pia yamegusa mikataba ya muda maalumu, na hapa naomba tuelewane vizuri. Yametaja mazingira ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kupewa mkataba wa aina hiyo: kazi ya msimu, mradi wenye mwisho unaojulikana, ongezeko la muda la kazi, na mengineyo. Siyapingi. Kuna kazi zenye msimu kweli. Kiwanda cha sukari kule Kilombero hakiwezi kusaga miwa masika shamba likiwa limejaa maji, na mwenye kinu cha kuchambua pamba hana cha kuchambua baada ya msimu kwisha. Hao waacheni wawe na mikataba ya msimu, kwa haki.

Sabuni haina msimu. Watu wanaoga Januari na wanaoga Agosti. Mashaka yangu ni kwamba maneno "ongezeko la muda la kazi" yatakuwa yanabandikwa kwenye kila mkataba kama muhuri, na mimi nitaletewa nakala yenye maneno hayo tayari, kazi yangu ikiwa ni kujaza majina. Naomba kanuni iseme kwamba anayedai kazi ni ya muda ndiye aithibitishe, na aandike ndani ya mkataba wenyewe, kwa Kiswahili, ni ongezeko gani, limetokana na nini, na litakwisha lini. Na mkataba ukishahuishwa mara ya pili, liulizwe swali: ongezeko gani hili lisiloisha?

Jirani zetu wameshalifikia hili kwa njia zao. Kenya, katika kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi. Afrika Kusini, tangu Januari 2015, mfanyakazi wa kipato cha chini akizidishwa miezi mitatu kwenye mkataba wa muda bila sababu ya msingi, anahesabiwa kuwa wa kudumu. Huko nako kuna ukwepaji, sikatai. Lakini afisa kama mimi anapofungua kitabu anakuta jibu moja.

Najua waajiri watasema nini, kwa sababu nimekaa upande wao wa meza miaka yote hii. Watasema soko linapanda na kushuka, umeme unakatika, oda zinafutwa, na mtu wa kudumu "hatoki". Hofu ya kwanza ni ya kweli; kiwanda kikikosa oda miezi miwili, mishahara inatoka mfukoni. Hofu ya pili si ya kweli. Kifungu cha 38 kinaruhusu kupunguza wafanyakazi: unatoa taarifa, unaeleza sababu, unajadiliana nao au na chama chao kuhusu nani apunguzwe na kwa vigezo gani. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kisizidi miaka 10. Chukueni mtu wa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi aliyefanya kazi miaka miwili. Kwa hesabu ya jedwali la sheria, siku yake moja ni kama shilingi 7,700. Siku 14 ni takriban shilingi 107,700. Ongezea notisi ya siku 28 na likizo anayodai. Hiyo ndiyo gharama inayomfanya mwajiri aone afadhali kuchapa mikataba tisa. Nimewahi kupiga hesabu ya karatasi, wino, na saa zangu na za karani wangu kwa mwaka, nikaenda nayo kwa mkurugenzi. Alinisikiliza. Akasema, "Tatizo si pesa. Nikiwapa ya kudumu watajiunga na chama."

Hapo nilielewa. Mtu wa miezi mitatu hajiungi na chama cha wafanyakazi, halalamiki kuhusu feni iliyoharibika, hakatai muda wa ziada ambao haulipwi mara moja na nusu kama inavyotakiwa. Anayahesabu maneno yake kwa sababu siku ya kuhuishwa haiko mbali. Mkataba mfupi unamnyima mtu likizo, ndiyo, lakini unamnyima pia sauti.

Kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kuanzia Januari 2026, kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, yaani takriban asilimia 30. Ni habari njema ambayo niliwasomea wafanyakazi mimi mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, wakapiga makofi. Wiki ileile nikaulizwa kama inawezekana baadhi yao wahamishwe kuwa deiwaka, walipwe kwa siku. Nyongeza ya mshahara ikiachwa peke yake bila kuusimamia mkataba, itamiminika kama maji kwenye kapu.

Kuhusu mawakala sitasema mengi. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014 ziliwazuia kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi, na bado nakutana na wafanyakazi ambao hawajui mwajiri wao ni nani: mwenye kiwanda, au mwenye ile kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye fulana.

Na vijana wa pikipiki wanaoitwa na programu za simu. Mnaambiwa hawa ni "washirika", si wafanyakazi. Kabla hatujaanza kutunga sheria mpya, tusome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinaongozwa na mwingine, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo kiuchumi, anapewa vifaa naye. Simu inayompangia kijana abiria, bei na njia, kisha ikamfungia akikataa safari, haiongozi kazi yake? Kule Geneva, Juni 2025, Shirika la Kazi Duniani lilianza kujadili viwango vya kazi za aina hii, na ni vizuri tukashiriki. Ila kifungu chetu kina zaidi ya miaka 20 na kinatosha kuanzia.

Naomba sasa niseme kuhusu lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira, tangu zamani, kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo yake ya ajira anaelezwa kwa namna anayoielewa. Mnajua nilivyokuwa naitimiza? Nasimama juu ya kreti, mbele ya watu 40, saa 12 na nusu asubuhi, honi ya shifti inakaribia kulia, naeleza kurasa mbili kwa dakika nne. Kisha nasema, "Kuna swali?" Hakuna aliyewahi kuuliza. Kisha wanapanga foleni kusaini. Mkinipa kiolezo cha mkataba cha Kiswahili kilichotolewa na Wizara, ambacho mwajiri hawezi kupunguza neno, sitahitaji kreti. Mtu atakwenda nacho nyumbani, atamwonyesha mwanawe anayesoma sekondari, atarudi na swali.

Na mwisho, sisi wenyewe. Mhasibu akikataa kusaini hesabu za uongo ana bodi nyuma yake. Mwaka mmoja nilikataa kusaini barua kama ile ya yule dada, mahali pengine, kwa mwanamke mwingine. Nilihamishiwa stoo kwa miezi minne, nikahesabu madumu. Barua ilisainiwa na mwenzangu mdogo aliyekuwa na miezi miwili kazini, naye mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu. Sijamlaumu. Naomba mfikirie, mnapofundisha waajiri na vyama, kutufundisha na kutulinda sisi tunaoshika kalamu. Amri ya kukwepa sheria haipiti dirishani. Inapita kwenye meza ya afisa rasilimali watu. Tukiwa na mahali pa kuripoti bila majina yetu kurudishwa kwa mwajiri, mtazijua taarifa nyingi kabla hazijawa mashauri kule Tume ya Usuluhishi.

Wizara inaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji Bunge wala bajeti. Mwagizeni kila afisa kazi anayekwenda kukagua kiwanda aombe vitu viwili aviweke pamoja mezani: orodha ya mikataba, na rekodi ya mashine ya mahudhurio ya miezi 24. Azilinganishe namba kwa namba. Hahitaji kumhoji mfanyakazi yeyote na kumponza.

Mahali nilipo sasa kuna mikataba 62 inayoisha mwisho wa mwezi huu. Nimeshaletewa orodha. Kumi na mmoja kati yao wana zaidi ya miaka miwili kwenye mashine, na mmoja alinionyesha kadi ya kliniki Jumanne iliyopita. Bado sijachapa chochote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa rasilimali watu,
Dar es Salaam